Orodha Inayokomea kwa Warigia

Makongeni,
3 Machi 2025

Mideva,

Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, na goti si habari. Kuku wawili wamekufa, mmoja ameibwa. Mjomba wako Mulama ameandika kutoka Sabatia kwamba mvua haijashika na kwamba kaburi la mama yako limeota nyasi. Nimemjibu kwamba panga analo.

Usidhani umesamehewa kwa sababu unaona mwandiko wangu. Siku tulipomzika Triza nilishika udongo mkononi, nikasema mbele ya watu wote kwamba sauti yako isifike masikioni mwangu tena, maana mtoto pekee wa binti yangu hakuja kumtupia mama yake hata ngumi moja ya udongo. Nilisema sauti. Barua haina sauti. Ndiyo maana nimenunua bahasha.

Jambo lenyewe ni ile kazi uliyoifanyia kamati. Unajua kota zetu za reli zitabomolewa na wenyewe tupewe nyumba mpya. Ofisi ya nyumba inataka orodha ya nyumba zote na watu wa kila nyumba, ichapwe, isomwe mbele ya wenyewe, ipelekwe kabla ya tarehe 31 Mei. Mwaka jana kamati ilikutumia fomu zote huko Lodwar ndani ya maboksi ya sabuni, wewe ukaziingiza kwenye kompyuta, ukarudisha flashi. Watu wakakusifu. Mimi nilinyamaza.

Sasa juma lililopita katibu wetu, Mzee Oketch, alibonyeza ile picha ya kibanda uliyomwekea kwenye kioo. Unamjua Oketch, karani wa mizigo wa reli, hata chai anaipima. Mashine ikaenda vizuri, halafu ikasimama, ikaandika Kizungu. Nimekinakili herufi kwa herufi ingawa darasa langu ni la nne: Too many open files. Oketch anasema maana yake faili zilizofunguliwa zimezidi. Karatasi zikatoka. Safu yetu ya mwisho, ile ya kando ya reli, haimo. Nyumba niliyoingia na babu yako Luseno mwaka wa 1974, yeye akiwa gadi wa treni na mimi nikiwa na ndoo moja, haimo.

Nikamwambia Oketch aongeze kwa kalamu. Akakataa. Ofisi haipokei jina la kalamu, tangu watu fulani waongeze nyumba ambazo hata paka hajawahi kulala ndani. Akakupigia simu. Ukapokea, akasikia kelele za jikoni au za nini, ukamkatia, na tangu hapo namba haipatikani. Kama unaniogopa mimi, Oketch amekukosea nini?

Asiyekuwa kwenye orodha hana nyumba. Sabatia siwezi kwenda kukaa. Mke wa Mulama hanipendi na mimi simpendi, tumeelewana hapo. Jibu upesi. Tuma kwa basi, nitaichukua mwenyewe kwenye ofisi ya vifurushi.

Guku wako, bibi yako kwa damu tu,
Asenath


Lodwar,
18 Machi 2025

Guku,

Mirembe. Sisi huku ni wazima. Jua ni lile lile, vumbi linaingia hadi ndani ya sukari. Kazi ya ofisi ya maji bado ninayo. Pole kwa kuku, na pole kwa goti. Lisugue kwa mafuta ya moto kabla ya kulala, ile namna uliyokuwa ukimfanyia Babu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Asante kwa kuniandikia. Mengine siyajibu leo.

Simu ya Mzee Oketch ilikatika tu. Simu yangu si nzuri. Naomba tuandikiane.

Ili nijue mashine inaumwa nini nahitaji vitu viwili. Kwanza, je, inasimama kwenye nyumba ile ile kila mara, au leo hapa kesho pale? Ni nyumba namba ngapi, na ya nani? Pili, Mzee Oketch afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, aandike hivi kisha abonyeze kitufe cha kuingiza:

ulimit -n

Mashine itajibu kwa namba moja. Hiyo ndiyo idadi ya faili ambazo imeruhusiwa kuzifungua kwa wakati mmoja. Aniandikie namba hiyo. Asibadilishe kitu chochote, Guku, tafadhali mwambie. Asome tu.

Kompyuta hiyo haina intaneti, na mimi siwezi kuja sasa. Kwa hiyo macho yangu ni wewe.

Mjukuu wako,
Mideva


Makongeni,
4 Aprili 2025

Mideva,

Goti nimelisugua, limekataa. Mzee Masinde wa safu ya tatu amekufa, yule aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa kabla ya saa. Matanga yalikuwa ya watu. Carolyne, binti wa Warigia, alikuja na tumbo lake la miezi minane, anataka kupita mbele ya jeneza kama wengine. Nilimrudishia mlangoni. Warigia akaninunia, ati hayo ni ya zamani. Ya zamani ndiyo yaliyomzaa yeye. Wewe nilikufundisha hilo ukiwa na miaka tisa, nikikusuka nywele pale ngazini: mwenye mimba haangalii maiti wala hasimami kaburini.

Unasema sisi ni wazima. Sisi kina nani? Na ile michoro ya kalamu ya rangi nyuma ya karatasi ni ya nini? Nimenunua bahasha kwa pesa, wewe unanichorea mviringo mwekundu kama mtoto wa chekechea. Mama yako hakukulea hivyo.

Haya, majibu. Inasimama pale pale kila mara. Inatoa nyumba ya elfu moja na ishirini, ya Warigia, kisha inakufa. Warigia sasa anatembea kifua mbele, anatuambia sisi wa safu ya mwisho kwamba Mungu huwa anajua pa kukata. Mimi ni elfu moja na arobaini na saba. Nyumba zote ni elfu moja na sitini na nne. Hesabu mwenyewe ni nyumba ngapi ziko nje. Nimezihesabu mimi kwa kuzipita. Ni arobaini na nne, na kwenye kila mlango kuna mtu aliyeniuliza kwa nini mjukuu wangu amewakata.

Mashine ilijibu 1024.

Sasa kaa chini. Nilimsomea Oketch barua yako. Nikamsomea na pale uliposema asibadilishe kitu. Akavua miwani, akasema Mama Triza, mimi nimepakia mabehewa miaka thelathini na moja. Treni ikishindwa kupanda kilima cha Limuru haiongezewi mzigo, inapunguziwa. Kama mashine inalia kwamba faili zimezidi, basi ishushiwe, ipumue, itabeba polepole mpaka mwisho. Akaandika ulimit -n 500. Mashine ikakubali bila neno. Akaandika na amri ya orodha hapo hapo chini yake.

Imetoa nyumba mia nne tisini na sita.

Zaidi ya nusu ya kota sasa ziko nje. Hata Warigia yuko nje, na hiyo ndiyo furaha pekee niliyoipata mwezi huu. Oketch akajaribu kurudisha elfu moja ishirini na nne. Ikamwambia hairuhusiwi. Akajaribu mia sita. Hairuhusiwi. Kushuka inakubali, kupanda inakataa. Masikini mzee wa watu. Amekaa mbele ya kioo kama mtu aliyegonga ng'ombe wa chifu.

Watu wamekuja mlangoni kwangu. Si kwa Oketch, kwangu. Mmoja alisema neno ambalo sitaliandika. Nimemjibu kwa ndoo.

Fanya haraka.

Asenath


Lodwar,
16 Aprili 2025

Guku,

Mirembe. Pole kwa Mzee Masinde. Habari ya Carolyne nimeisoma mara mbili, kisha mara ya tatu. Ulifanya sawa. Ulinifundisha vizuri.

Juu ya ile michoro, karatasi ilianguka.

Sasa nimeelewa, na ni wewe uliyenionyesha kwa kuitaja nyumba ya Warigia. Angalia. Kila programu ikizaliwa hufunguliwa milango mitatu kabla haijafanya lolote: wa kusikilizia, wa kusemea na wa kulalamikia. Hiyo mitatu inahesabiwa. Wa nne ni karatasi yenyewe ya orodha. Elfu moja ishirini na nne, toa nne, ni elfu moja na ishirini. Mpaka Warigia. Nyumba inayofuata mashine inakataa kuifungua kwa sababu ruhusa imekwisha.

Na kosa la kwanza ni langu. Nilipoandika programu, niliiambia ifungue faili ya kila nyumba, nikasahau kuiambia ifunge moja kabla ya kufungua nyingine. Zote zinabaki wazi mpaka mwisho. Nilijaribu hapa kwa nyumba kumi, ikaenda, nikaridhika. Waambie wa safu ya mwisho ni uzembe wangu, si wako.

Mzee Oketch asihuzunike. Alishusha kikomo, na mashine ina sheria hii: mtu wa kawaida akishusha namna ile, hawezi kukipandisha tena yeye mwenyewe mahali pale. Lakini amri ile inaishi ndani ya dirisha lile moja tu. Dirisha likifungwa, inakufa nalo. Najua nilibandika karatasi kwenye kioo, USIFUNGE DIRISHA HILI. Aibandue. Alifunge. Afungue jipya, aandike ulimit -n, ataona 1024 imerudi. Kisha aandike:

ulimit -n 2048

Halafu aendeshe orodha.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi yenye programu mpya inayofunga kila mlango ikitoka. Mkiitumia hiyo, hamtahitaji hata hizo amri.

Unakula? Hujaniambia kama unakula.

Mideva


Makongeni,
12 Mei 2025

Mideva,

Barua yako ya tarehe 16 Aprili nimeipata juzi. Ati mto ulikula barabara baada ya Kitale na mabasi yalilala huko. Bahasha ilikuwa imepasuliwa pembeni. Flashi haimo. Nilimwuliza yule wa vifurushi, akaniambia mama, mimi nabeba, silindi. Nimemwambia alichokibeba mama yake ni bure. Haikusaidia.

Hatuna programu mpya, basi. Tunazo amri zako tu.

Oketch alibandua karatasi yako kama anayevua bandeji ya mtu mwingine. Akafunga dirisha. Akafungua jipya. Elfu moja ishirini na nne ikarudi kama ulivyosema, na wote tuliokuwa pale tukashusha pumzi. Akaandika 2048, mashine ikakubali. Nilimsimamia nyuma, nikasoma kila herufi kwa kidole. Akashika kile kipanya, akabonyeza picha yake ya kibanda, orodha ikaanza.

Ikaishia kwa Warigia.

Tukarudia. Warigia. Tukafungua dirisha jipya tena, tukaandika elfu nne. Warigia. Mara ya tano Oketch aliweka kichwa juu ya meza, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye bomba kama nangoja maji, na maji yalikuwa yamekatwa tangu asubuhi.

Tarehe 31 iko hapa. Zimebaki siku kumi na tisa. Kamati imekaa bila kuniita na kuamua kwamba isipokamilika itapelekwa kama ilivyo, kwa kuwa haifai nyumba elfu moja zife kwa ajili ya arobaini na nne. Warigia ndiye aliyekuja kuniambia, na hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba imekwisha. Warigia akiacha kunicheka, mimi nimekufa.

Nimeanza kufunga vyombo. Sufuria zimeingia ndani ya sufuria. Picha ya Luseno na ya mama yako nimezifunga kwa kitambaa kile cha buluu. Sijalia, kama unataka kujua. Na sasa nakuuliza neno ambalo nimelikalia tangu Machi. Namba hizo ni wewe uliyezipanga. Faili hizo ni wewe uliyeziandika. Nilikufukuza mbele ya kaburi la mama yako na wewe una kichwa cha kukumbuka. Sema kweli, Mideva. Uliniacha nje makusudi?

Kama ni hivyo, sema. Nitafunga vyombo vilivyobaki na sitakuita mwizi. Nitajua tu kwamba tumelipana.

Asenath


Lodwar,
19 Mei 2025

Guku,

Hapana.

Sikukuacha nje. Faili ya nyumba yako niliiandika kabla ya nyingine zote, siku maboksi yalipofika, kabla hata sijala. Imo ndani ya mashine hiyo, inangoja kufunguliwa. Namba ni za ofisi, si zangu. Ningekuweka wa kwanza kama ningeruhusiwa.

Barua hii nimempa dereva mkononi, nimemlipia chai mpaka Nairobi na kumwambia bibi atakayeipokea ana ndoo. Fungua vyombo.

Kosa ni hiyo picha ya kibanda. Amri anayoiandika Mzee Oketch kwenye dirisha jeusi inawahusu watoto wa dirisha hilo tu: programu inayozaliwa ndani yake inarithi kikomo cha mzazi. Akishika kipanya na kubonyeza picha, programu inazaliwa kwingine kabisa, kwa mzazi mwingine, na kikomo chake ni kile cha zamani; siku ile ya mia tano aliandika amri ya orodha ndani ya dirisha lenyewe, ndiyo maana ilimsikia. Mnaongeza maji kwenye sufuria moja na kupika kwenye nyingine. Picha hiyo nilimwekea mimi ili asihangaike na kuandika. Hilo nalo ni langu.

Kwa hiyo: dirisha jipya. Moja tu, yafungwe mengine yote. Aandike mstari wa kwanza, abonyeze kitufe cha kuingiza. Asiguse kipanya. Hapo hapo chini yake aandike mstari wa pili:

ulimit -n 2048
./orodha

Nukta, mkwaju, orodha. Pasiwe na nafasi katikati. Itafika mwisho, Guku. Nimeijaribu hapa kwa faili elfu moja na mia moja, ikapita.

Na sasa ombi. Najua orodha itasomwa kwa sauti, na kila mwenye nyumba atasimama na kuitikia kwa kila jina. Nyumba yako ikifika, mwombe Mzee Oketch asisome. Aruke. Akupe karatasi uende nayo nyumbani, uisome ukiwa peke yako umekaa. Tafadhali, ombi hili nalipigia mstari. Nilitaka kukuambia kwa mdomo, mwaka ule, lakini ulikuwa umeshaufunga mlango huo. Baadaye nikazoea kunyamaza.

Mideva


Makongeni,
1 Juni 2025

Mideva,

Goti ni lile lile. Mulama anasema mvua imeshika Sabatia na nyasi za kaburini amezikata. Carolyne amejifungua mvulana, kichwa kikubwa kama cha babake. Mimi nakula.

Barua yako ilifika tarehe 27, dereva aliniletea hadi mlangoni na kuiangalia ndoo. Ombi ulilolipigia mstari nimelisoma. Sikulifuata. Nimekaa kota hizi miaka hamsini na moja, sina jina la kusomewa kando.

Ijumaa tulikutana ukumbi wa kanisa. Oketch alileta mashine, nikakaa nyuma yake kwenye kiti. Nilihesabu madirisha mwenyewe: moja. Kipanya nilikichukua nikakikalia. Akaandika mstari wa kwanza. Akaandika wa pili, nukta, mkwaju, orodha. Tukangoja. Namba zikapanda kwenye kioo, mia tisa, elfu moja, elfu moja na ishirini. Ikatoka elfu moja ishirini na moja. Mtu akapiga makofi, nikamwambia anyamaze, isije ikasikia. Ilifika elfu moja sitini na nne ikasimama kwa heshima yake, bila Kizungu. Oketch akavua miwani akaifuta kwa shati, na mimi nikamruhusu.

Kisha kusoma. Kila mtu anasimama, jina linatajwa, anajibu yupo. Tulikaa tangu saa tatu mpaka saa tisa. Ikafika elfu moja arobaini na saba.

Akasoma Asenath. Nikasema nipo. Akasoma Mideva. Ukumbi wote unajua nilichosema kaburini, wakaniangalia nitafanya nini. Nikasema yupo, kwa kuwa fomu ni fomu. Nikaanza kukaa.

Oketch hakuendelea. Akaileta karatasi karibu na uso, akaipeleka mbali. Akaniita kwa sauti ya chini, Mama Triza, samahani, hapa mashine imekosea, imemrudisha marehemu. Akachukua kalamu akate.

Nikamwambia, "Weka kalamu chini. Soma kilichoandikwa."

Akasoma. Triza Asenath, msichana, amezaliwa Lodwar tarehe 24 Novemba 2022.

Nilikuwa nimesimama nusu. Mama yako tulimzika tarehe kumi na tisa ya mwezi huo huo. Nikahesabu kwa vidole, mbele ya watu, kama mtoto. Kumi na tisa mpaka ishirini na nne ni siku tano. Nikaiona ile ngazi na kichwa chako katikati ya magoti yangu na mimi nikivuta nywele na kukuambia, mwenye mimba hasimami kaburini, na wewe ukisema ndiyo Guku.

Ulishika nilichokufundisha. Na mimi nikachota udongo nikakufukuza kwa kushika.

Ulipaswa kuniambia. Ungeniambia una mimba na huna mume ningekupiga kwa mwiko, halafu ningekupikia uji. Yote mawili nayaweza, na uji wangu unaujua. Miaka miwili na nusu nimekaa na picha za watu waliokufa ukutani, kumbe kuna mtu kamili wa miguu miwili anayenichorea mviringo mwekundu, nami namtukana kwamba hakulelewa. Mwambie nimeifungua karatasi ile. Iko ukutani, katikati ya Luseno na mama yako.

Watu walikuwa wananingoja. Warigia alikuwa ameshika mkono wangu, sijui tangu lini. Oketch akauliza tena kwa taratibu, kama anavyotakiwa: Triza Asenath.

Nikasema, "Yupo."

Orodha ilipokelewa ofisini Ijumaa hiyo hiyo, nyumba zote, hakuna kalamu. Tarehe 12 Julai watapita nyumba kwa nyumba kuhesabu vichwa, na jina lisilo na kichwa litafutwa. Mimi sijawahi kusema uongo mbele ya kanisa. Nimesema yupo. Kwa hiyo awepo. Wewe pia nilisema upo.

Sasa sikiliza, na usianze kufurahi. Neno lililosemwa na udongo mkononi halirudishwi kwa wino. Mkifika tutakwenda Sabatia watatu, nitasimama pale pale, nitachota udongo ule ule na kulirudisha mwenyewe, hata kama ni kwa magongo. Mpaka siku hiyo sauti yako sitaisikia. Mimi si mtu wa kusema leo na kugeuza kesho.

Lakini siku ile nilitaja sauti yako. Ya mtoto sikuitaja.

Namba ya Oketch unayo. Jumamosi, saa nne asubuhi, nitakuwa mezani kwake na simu mbele yangu. Wewe bonyeza, mpe mtoto simu, unyamaze kando. Asipojua la kusema, aache. Akilia, aache alie. Barua hii ikichelewa njiani, basi ni Jumamosi inayofuata, au ile nyingine. Nitakaa pale kila Jumamosi.

Guku wenu,
Asenath